Mwanamke Anayefua Kanzu

Kwaluguru, Handeni
2 Februari 2024

Mdogo wangu Ukasha,

Salamu nyingi. Habari za Kilole, na kazi? Sisi huku wazima, mama naye mzima, goti tu ndilo linamsumbua. Nakuandikia ujumbe wa simu kwa sababu nikikupigia unasingizia mtandao mbovu.

Nimecheza gemu lako ulilonitumia. Nimefika kwenye kile kijiji, nikamkuta yule mwanamke anafua kanzu nje ya nyumba. Ananiuliza, "Mgeni, huko utokako hujamwona mume wangu?" Ukasha, huyo ni mama na kanzu ya baba. Hata siku umeweka Alhamisi, siku yake ya kuifua. Nani alikuruhusu?

Mwaka wa tano huu tangu shimo liporomoke kule machimboni. Wenzake baba walitolewa, yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Baba mdogo Rehani anataka khitma isomwe kabla ya mfungo na mama akae eda, yaishe. Mama hataki hata kusikia. Na wewe ndiyo kwanza umefanya mchezo.

Nimejaribu majibu yote matatu. Nikisema yu hai, anaendelea kufua. Nikisema sijui, anaendelea kufua. Nikisema amefariki, anaikunja kanzu, anaingia ndani kimya. Nikalizunguka gemu siku nzima nipate ukweli, sikuupata. Wewe uliyeliandika, huyo mume yuko wapi?

Dada yako,
Mwaija


Kilole, Korogwe
9 Februari 2024

Dada Mwaija,

Shikamoo. Mpe pole mama na goti. Mimi mzima, ila nimechoka kulaumiwa. Laurenti, rafiki yangu wa Ngombezi anayenijaribia gemu kabla sijalitoa, naye kanisema vibaya. Kacheza saa sita nzima, jibu hakuna, anadai nimemlia muda wake.

Dada, sijalificha jibu. Halipo. Hata ukifungua maandishi yote ya ndani, hakuna mstari unaosema yule mume kafa au yu hai. Mchezaji anachagua la kuamini, kisha anaendelea na safari akiwa nalo. Niliwahi kuandika kwamba yu hai, nikajiona mwongo. Nikaandika kafa, nikafuta siku hiyo hiyo. Ningeandika nini na mimi mwenyewe sijui?

Tafadhali, mama asilione.

Mdogo wako,
Ukasha


Kwaluguru
18 Februari 2024

Ukasha,

U hali gani? Sisi tupo, namshukuru Mungu, ila hasira zangu bado.

Unasema mchezaji achague. Mchezaji akichoka anazima simu anaenda kula. Mimi nizime nini? Kila Alhamisi mama anafua kanzu isiyovaliwa, na maji hayo nachota mimi. Jana baba mdogo alikuja kuzungumzia khitma, wakapandishiana sauti, mama akamfukuza. Shemeji yake wa miaka yote, kamfukuza.

Usijifiche nyuma ya gemu, mdogo wangu. Unaogopa, basi. Njoo ukae mbele ya mama useme unachoamini. Ukisema yu hai, nitamzuia baba mdogo mimi mwenyewe. Ukisema kafa, nitamshika mama mkono. Lakini sema.

Dada yako,
Mwaija


Kwaluguru
8 Machi 2024

Ukasha,

Natumaini u mzima, maana hukujibu wala hukuja. Ujumbe niliona umeusoma.

Mama kalicheza gemu. Juzi nilikwenda kisimani nikasahau simu mkekani, gemu liko wazi. Niliporudi nilimkuta kaishika kwa mikono miwili, yuko kwa yule mwanamke. Alikuwa ameshajibu yu hai, ameshajibu sijui. Akanitazama. "Huyu atafua mpaka lini?" Akabonyeza amefariki, akamwangalia mwenzake anakunja kanzu, anaingia ndani.

Aliirudisha simu mkekani adhuhuri ilipoadhiniwa. Kisha akasema, "Mwanangu keshaniambia." Nikamweleza ulivyoniandikia, kwamba jibu halipo. Akasema, "Majibu kaweka matatu, Mwaija, lakini mlango kaufungua kwa moja tu." Mimi niliona hayo hayo kwa macho yangu na sikuelewa. Nadhani hata wewe hukujua ulichokiandika. Nimekulaumu sana, nisamehe. Na bado nina hasira nawe.

Jana Alhamisi hakufua. Alimwita baba mdogo, akampa ile kanzu aivae kesho kwenye khitma. Baba mdogo aliipokea, akaondoka nayo kifuani. Nikamuuliza mama kama kweli anaamini baba kafa. Akanijibu, "Sijui. Ila nimechoka kusimama nje." Leo kaanza eda.

Njoo kesho, na usinitajie mtandao. Akuone.

Lingine ni hili. Asubuhi kaniomba simu amjulie hali yule mwanamke. Nikaliwasha gemu upya, tukamkuta yuko nje tena, anafua, anatuuliza kama hatujamwona mume wake. Mama alilia, Ukasha, kilio ambacho hakulia miaka yote hii. Anasema urekebishe. Aliyekwisha kuingia ndani, mwache akae ndani.

Dada yako,
Mwaija