Kinyozi Kwenye Kifungu cha Mbwa

Kabiro, Kawangware
4 Januari 2008

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo, ila Mama ana mafua na kuku wa Mzee Muema wa chumba cha pili amekufa kwa moshi wa matairi yanayochomwa barabarani tangu fujo za uchaguzi zianze. Wewe je? Mgongo unaendeleaje?

Nakuandikia kwa sababu kadi za simu zimepotea madukani, na ya shilingi hamsini sasa inauzwa mia moja. Koplo Shivachi wa kambi yenu anasema lori lao hupita huku mara kwa mara, kwa hiyo yeye ndiye posta yetu.

Mama anauliza utarudi lini. Nimemweleza kwamba huwezi kutoka kambini ukavuka Kibera kwa miguu wakati njia zimezibwa na Gatwekera kunawaka. Anasema hayo yote anayajua, yeye anauliza tu utarudi lini.

Jana Mzee Muema aliniambia, "Baba yako ana bahati. Kinyozi wa jeshi haguswi. Nani mwingine Kenya hii anaweza kumwambia meja ainamishe kichwa, na meja akainamisha?" Niliona fahari sana, nikataka kumjibu jambo zuri, lakini nilipolipata alikuwa ameshafunga mlango.

Binti yako,
Mwongeli


Kambini
11 Januari 2008

Binti yangu Mwongeli,

Nimeshukuru kusikia mko wazima. Mwambie Mama anywe maji ya moto na ndimu. Mgongo wangu ni ule ule. Nalala kwenye kiti changu cha kunyolea, kile kinacholala nyuma kama cha daktari wa meno.

Hii sehemu inayofuata usimsomee Mama.

Kazi yangu iliisha tarehe thelathini na moja Desemba. Bunge lilipopitisha matumizi ya jeshi mwaka jana, kwenye orodha ya kambi yetu palikuwa na maneno "kinyozi raia, mmoja". Mtu fulani akayapiga mstari. Badala yangu kila kikosi kikanunuliwa mashine, wanyoane wenyewe. Nilipewa hadi mwisho wa mwaka. Sikuwaambia kwa sababu ulikuwa na mtihani, halafu ikawa Krismasi. Siku ya kuondoka, geti likafungwa kwa sababu ya fujo, Meja anayesimamia kambi akasema hakuna raia kutoka. Basi niko kambini, lakini siko kwenye karatasi yoyote.

Anayeshika stoo ya chakula ni Sajini Wakarima, mama mmoja wa sheria kabisa. Nilienda na sahani yangu, akaniambia, "Mzee Kavoi, nakuheshimu kama mjomba wangu, lakini siwezi kupakua ugali wa mtu asiye na kifungu kwenye bajeti." Nikasimama pale na sahani. Akanihurumia, akafungua kitabu chake cha matumizi, akapindua kurasa mpaka jasho likamtoka. "Hapa," akasema. "Mbwa wa ulinzi, wanne. Tunao watatu. Mmoja alikufa Novemba, lakini Bunge limemlisha mpaka Juni."

Kwa hiyo mwanangu, mimi ni mbwa nambari nne. Mbwa wa hapa hupewa nusu kilo ya nyama kila siku. Askari hupewa mara tatu kwa wiki. Jana Koplo Shivachi aliniuliza kama kuna nafasi ya nambari tano.

Hata njia zikifunguka sitoki. Pasi yangu ya kupitia getini iliisha pamoja na mwaka. Nikiwa ndani, naweza kuandikwa tena. Nikivuka geti, sirudi.

Baba yako,
Kavoi


Kabiro
27 Januari 2008

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Mama amepona mafua. Najua amepona kwa sababu sauti yake imerudi yote.

Nisamehe. Nilikuwa namsomea barua yako, na nilipofika pale pa kutosoma nikaruka, nikaanza kusoma habari za hali ya hewa ambazo hukuandika. Mama akasema, "Mwongeli, macho yako yako chini ya karatasi na mdomo uko juu. Rudi." Nikarudi.

Nilipomaliza akasema, "Mwandikie hivi: huku kwake tumekula sukuma wiki siku tisa. Na kama Bunge linamlisha mbwa, aulize kama mbwa huyo ana mke." Nimeandika kama alivyosema. Kisha akaenda kufua, nikamsikia akicheka peke yake pale bombani. Kicheko kilipokwisha hakurudi haraka. Baba, anasema bila hiyo kazi itabidi turudi Kitui. Ameshaanza kuchagua sufuria za kubeba na za kuacha.

Nilimwuliza Mzee Muema, kwa kuwa yeye husoma hata gazeti la kufungia nyama. Anasema kutakuwa na bajeti ya nyongeza, na kamati ya wabunge itapitia matumizi ya jeshi, na mwananchi anaweza kuiandikia.

"Mwananchi gani?" nikauliza.

"Yeyote. Hata wewe."

Nilicheka, halafu nikaacha. Unajua shuleni nilikuwa nainua mkono chini ya dawati. Lakini kuandika si kusema. Niandike?

Binti yako,
Mwongeli


Kambini
12 Februari 2008

Binti yangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, ila nimepungua. Nitakueleza.

Kwanza, usiandike. Tafadhali. Tumejificha vizuri.

Pili, mwambie Mama mbwa ana mke, na mke huyo anakumbukwa kila saa ya chakula.

Sasa sikia habari za zile mashine. Zilikuja bila meno. Meno yako kwenye kifungu cha vipuri, na vipuri vinangoja hiyo bajeti ya nyongeza. Vijana wakaona aibu kuja kwa mtu aliyefutwa, wakanyoana kwa mkasi wa kukatia bandeji. Wiki iliyopita wakatumwa kusindikiza lori la unga. Walipofika Kianda, hapo Kibera, wakakuta vijana wameziba njia, kila mmoja na jiwe lake mkononi. Praiveti Wangila akavua kofia ajipanguse jasho. Kijana mmoja akamwangalia, akaita, "Afande! Hicho kichwa ni kinyozi ama ni panya?" Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka mawe yakawaponyoka mikononi, na lori likapita.

Meja aliposikia, akaamuru vikosi vyote vije kwangu. Nanyoa vichwa thelathini kwa siku. Nilipomwuliza kama sasa nitaandikwa, akasema, "Kavoi, mimi naweza kuamuru watu mia nne waruke ukuta, lakini siwezi kuongeza kinyozi mmoja mahali Bunge limefuta." Nilimwamini, maana nilikuwa nimeshika wembe shingoni mwake.

Kuhusu kupungua: daktari wa mbwa alituma fomu, anataka uzito wa kila mbwa. Sajini Wakarima hasemi uongo. Akanipandisha kwenye mizani ya unga, akaandika kilo sabini na mbili. Daktari akajibu kwamba huyo nambari nne ni mnene kupita kiasi, apunguziwe nyama. Sasa napewa robo.

Usiandike.

Baba yako,
Kavoi


Kabiro
4 Machi 2008

Baba mpendwa,

Shikilia kitu kabla hujasoma. Salamu zipo, tuko wazima, matokeo yametoka na nimepata C ya kujumlisha. Mama amewatangazia wapangaji wote wa ploti, pamoja na wale waliohama.

Barua yako ya kuniambia nisiandike ilifika jana. Koplo Shivachi anasema ilikaa wiki tatu kwenye mfuko wa koti alilopeleka kufuliwa. Mimi sikungoja jibu, niliandikia kamati tarehe 30 Januari.

Niliandika vizuri, Baba. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua rasmi lazima itoe sababu kamili. Kwa hiyo nilieleza kwamba baba yangu amenyoa kambini miaka kumi na minane, kwamba kumfuta hakukuokoa kitu, na ili kuthibitisha nilieleza kwamba kwa sasa analishwa kwenye kifungu cha mbwa, nambari nne. Jina la Sajini Wakarima nalo niliandika, ili apate sifa.

Mzee Muema aliposoma nakala yangu alikaa chini. Akaniuliza, "Mtoto, hapa kwa Sajini uliandika cheo chake pia?" Nikasema ndiyo, kwa heshima.

Nimekosea?

Binti yako,
Mwongeli


Kambini
7 Machi 2008

Mwongeli!

Sisalimu.

Umemtaja Sajini! Kwa jina na cheo! Mama wa watu anaweza kushtakiwa, na mimi sitakuwa kinyozi wala mbwa! Unadhani wabunge wakisoma kwamba mtu yuko kwenye bakuli la mbwa watasema asante kwa taarifa?

Nimemwambia mwenyewe. Alikaa juu ya gunia la maharagwe. Halafu akanipakulia nyama nusu kilo badala ya robo, kwa upole, kama mtu anayemlisha mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho.

Jioni hii nimetulia kidogo. Hongera kwa C ya kujumlisha. Hamjambo?

Baba yako,
Kavoi


Kabiro
17 Aprili 2008

Baba mpendwa,

Sijakuandikia wiki nyingi kwa sababu kila nikianza naona aibu. Tuko wazima. Natumaini nawe.

Barua imekuja kutoka kwa kamati. Ina muhuri, na Mama ameifunga kwenye nailoni isiingie mafuta. Wanasema wamesoma maelezo yangu "kwa makini", na wananiita Jumanne tarehe 22, saa nne asubuhi, niyaeleze kwa mdomo. Kwa mdomo, Baba.

Najaribu. Jana nilijaribu mbele ya ukuta na nikasahau jina lako. Leo Mama alikaa kitandani akajifanya mbunge. Akasema, "Haya binti, tuambie." Nikanyamaza. Akasema, "Mheshimiwa anangoja." Nikaanza kulia, naye akaacha ubunge akanipikia chai. Anasema angekuja nami, lakini akiingia mle ataongea yeye, na kwa jinsi anavyojisikia, atatufungisha wote.

Nikikaa kimya watafikiri ni uongo, na Sajini ataumia bure. Nikisema, huenda wakarudisha kifungu chako. Najua hivyo vyote. Ila nikisimama mbele ya watu, sauti yangu hunitoka kama imeitwa mahali pengine. Niambie la kufanya.

Binti yako,
Mwongeli


Kambini
21 Aprili 2008

Binti yangu Mwongeli,

Nakusalimu, na Mama nampa pole kwa kuacha ubunge mapema. Mimi ni mzima.

Barua yako nimeipata leo asubuhi, wakati Meja yuko kitini. Niliisoma nikiwa nimeilaza juu ya kichwa chake, maana mikono ilikuwa na kazi. Nikamwambia, "Meja, leo natoka."

Akasema, "Kavoi, ukivuka geti siwezi kukurudisha. Hata wakikuandika tena, kazi itatangazwa, na watakuja vijana wenye vyeti. Unajua?"

"Najua, Meja. Geuza kichwa."

Nilimaliza upande wa pili. Nikampangusa, nikamwonyesha kioo, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, kama siku zote.

Miezi minne nimekaa humu nikilinda ile kazi. Ni kazi nzuri, sitadanganya. Lakini mbwa nambari nne hawezi kuketi nyuma yako Jumanne. Kavoi anaweza, akiwa mtu asiye na kazi.

Nilikwenda kumuaga Sajini Wakarima. Nilitarajia machozi, nikakuta hesabu. Aliniambia, "Binti aseme yote. Kila kipande cha nyama nimekiandika, na kila gramu. Wakinishtaki, watanishtaki na kitabu safi." Kisha akaanza kuhangaika na safu ya mwisho, maana kitabu lazima kiseme mbwa amekwenda wapi. Kufa, sijafa. Kustaafu, hakuna mbwa anayestaafu kwa hiari. Mwishowe akaandika: "Nambari nne, ametoroka." Meja akatia sahihi bila kuinua macho. Ameagiza nisitafutwe.

Nampa Koplo Shivachi barua hii sasa hivi, lori lao linatangulia. Mimi nakuja kwa miguu kupitia Kianda, nione nani kule anahitaji kinyozi. Mwambie Mama anipigie pasi shati jeupe.

Kesho tutaingia pamoja. Usiwaangalie wabunge. Waambie ukuta, mimi nitakuwa nyuma. Nikikohoa mara moja, ongeza sauti. Nikikohoa mara mbili, punguza habari za mbwa. Nikikohoa mara tatu, hicho ni kikohozi tu, endelea.

Usijibu barua hii. Fungua mlango.

Baba yako,
Kavoi