Mfupa Hushika Ulimi

Jumatatu, 12 Ramadhani

Viazi safu tatu, kisha mvua. Kilele cha Magamba hakionekani kwa ukungu. Tarishi wa boma kaleta habari: Alhamisi anakuja Mwingereza wa mifupa. Anatafuta mnyapara wa machimbo ya kusini, mtu aliyewahi kuchimba. Mlima mzima ni mimi tu.

Jumanne, 13

Nimeshinda nikikumbuka. Nyuma ya Lindi, miaka minne kwa Mjerumani. Mfupa wa paja la mnyama wa kale, mrefu kunipita. Tuliufunika udongo mwekundu, tukaufunga kwa mianzi, wapagazi wakaubeba hadi pwani wakiimba. Nyimbo zote bado ninazo. Nani wa kuzitaka hapa, kabichi?

Nataka kurudi. Mwanaidi, mke wangu, anasema umri wangu ni wa tasbihi. Nimemjibu utu uzima dawa. Kacheka.

Jumatano, 14

Nimetoa kikapuni kipande changu, pingili ya mgongo, kama ngumi. Nilikificha mzigoni vita vilipotutawanya. Nakiri, niliiba. Sijutii.

Mfupa wa kale na jiwe hufanana. Mchimbaji hugusa kwa ulimi: jiwe huteleza, mfupa hushika. Macho yangu yamefifia. Ulimi haujazeeka.

Alhamisi, 15

Amekuja. Kijana, mpole, koti limelowa. Akapanga vipande sita mezani, kimoja tu ni mfupa, nikitoe. Nikanyanyua cha kwanza hadi mdomoni, nikakumbuka saumu. Nikamwomba angoje magharibi. Hakuweza, lori la kumshusha Mombo kwenye treni lilikuwa tayari. Nikachagua kwa vidole.

Nilichagua jiwe.

Alinipa mkono. “Asante, mzee,” akasema. Sijawahi kutukanwa nikaumia hivyo.

Ijumaa, 16

Nilimsimulia Mwanaidi akiwa jikoni. Akaacha kukoroga.

“Baba Zuhura, mimi chumvi ya futari naionjaje kila siku? Naweka ulimini, natema.”

Nilidhani anatania. Baada ya sala nikamuuliza mwalimu wa msikiti. Kasema penye haja inafaa, mradi usimeze. Miaka yote hii nafunga, nakula futari yake, sikuwahi kuuliza chumvi inapimwaje. Mjinga mimi. Nimelia nyuma ya mahindi.

Jumamosi, 17

Mvua. Sikutoka.

Jumapili, 18

Ukungu umeondoka. Viazi safu nne. Zuhura kaja na wajukuu, wameng'oa magugu na karoti pamoja.

Jioni Mwanaidi aliandika futari. Kando ya bakuli la maharage alikuwa amekiweka kipande changu, kimepanguswa vumbi. Adhana ilipolia, kabla ya maji, nilikigusa kwa ulimi.

Kikashika.

Nikakirudisha kikapuni, tukala. Maharage yalikuwa na chumvi sawasawa. Nikamwambia.