Boti ya Baba Ina Jina Jipya

Mallaig,
Jumapili, 25 Juni 2023

Mpendwa dada Rhona,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mvua imeingia siku ya nne bila kupumzika. Natumaini baridi ya Dunedin bado haijawa kali, na lile goti ulilolilalamikia kwenye kadi ya Krismasi limekubali kukunjika. Mumeo Wiremu naye hajambo? Na mwanao Hinewai, mtihani wake ulikwendaje? Mama ameniuliza mara tatu, sina la kumjibu.

Sisi tu wazima. Kifua cha mume wangu Fraser kimetulia tangu aache sigara, ingawa ukimuuliza yeye atakuambia ni hali ya hewa. Binti yetu Ailsa ametimiza miaka kumi na mmoja, na viatu vyangu vinamtosha. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kila asubuhi. Macho tu ndiyo yanazidi kumwacha. Anatuona kama mtu anavyoona kitu nyuma ya kioo chenye mvuke.

Dada, ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu wewe husema "sawa, sawa", kisha unaniuliza kama huku kunanyesha, nami moyo unavunjika kabla sijaanza. Barua huwezi kuikatiza. Basi keti, usome mpaka mwisho.

Mwezi wa Aprili Mama alitimiza miaka themanini. Tukamuuliza anataka nini. Tulidhani atasema kiti kipya. Akasema, "Nataka kwenda kutazama nyangumi kabla sijawa kipofu kabisa."

Fraser akamwambia, "Mama, hata sisi wenye macho hatuwaoni."

"Basi tutakuwa sawa," akajibu, akaendelea kupaka siagi kwenye mkate wake wa shayiri.

Ikawa likizo ya familia nzima, na meza ya jikoni ikajaa vijitabu vya meli. Fraser alikuwa na yake, kubwa, ya abiria mia moja, yenye lifti na daktari na choo katika kila chumba. Mimi nilikuwa upande wake, maana nilimfikiria Mama na ngazi. Ailsa hakuitaka hata kuisikia.

"Baba, hiyo ni hoteli iliyopotea njia," akasema. "Wanyama wakiisikia hiyo si watakimbilia Iceland?"

Yeye alikuwa ameona boti ndogo iitwayo Marsaili, inayoondokea Oban na abiria kumi tu. Nahodha wake huzima injini wanyama wakiwa karibu. Ailsa akaanza kumsomea bibi yake kwa sauti ya juu, kama mtu wa taarifa ya habari: sili, pomboo, tai wa baharini, nyangumi ukiwa na bahati. Halafu akasoma na maandishi madogo chini, kwamba zamani ilikuwa boti ya uvuvi, imejengwa Buckie mwaka 1971 kwa mbao za mwaloni.

Mama akaacha kutafuna. "Soma tena hapo."

Ailsa akasoma tena. Mimi nikamwegemea begani nikaitazama picha. Imepakwa rangi ya buluu, dada, na imewekewa madirisha pale samaki walipokuwa wakikaa. Lakini upande wa kushoto, karibu na omo, kule mbele, kuna mbao tatu fupi kati ya mbao ndefu. Unakumbuka siku Baba alipoigongesha boti yake gatini kule Kyle, akairekebisha mwenyewe huku akitukana kwa Kigaeli, akidhani hatumsikii?

Nikaugeuza ukurasa. "Kuna nyingine nzuri hapa, Mama," nikasema.

"Hiyo hiyo," akasema Mama.

"Mama, ngazi zake—"

"Una, mwanangu, nimesema hiyo hiyo."

Hakulitaja jina la zamani la boti ile. Wala mimi sikulitaja. Fraser nilimweleza baadaye tukiwa kwenye gari kwamba ndiyo boti ya Baba. Kisha akasema, "Hatuendi. Mtu hachukui likizo akalale kaburini." Alirudi nyumbani akamwambia Mama vilevile, kwa upole, unavyomjua.

Mama akamjibu, "Si kaburi. Lingekuwa kaburi ningeshapeleka maua."

Basi tukaenda. Tulipanda Oban tarehe 3 ya mwezi huu, Jumamosi, jua likiwaka. Nahodha anaitwa Torquil, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye ndevu na subira. Alimshika Mama mkono kumvusha, na Mama alipokanyaga sitaha akasimama tu. Hakulia. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha usukani, akakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Kila kitu ni kipya, dada. Vitanda, taa, mapazia, meza ya kulia. Lakini nikishuka chini na mlango ukifungwa, chini ya harufu ya vanishi kuna ile harufu nyingine, ya dizeli na samaki wa heringi, ambayo hakuna rangi iliyoweza kuifunika. Siku ya kwanza nilipokuwa nikitandika kitanda cha Mama nikasikia mtu anashuka ngazi mbio, akiruka kipandio cha mwisho, akitua kwa miguu yote miwili. Ndugu yetu Lachie alikuwa akishuka hivyo. Nikageuka kwa furaha, Rhona. Kwa furaha, kabla akili haijarudi. Alikuwa mpishi na sufuria ya supu.

Sikumwambia mtu. Lakini wakati wa kula Mama aliniuliza, "Umemsikia?" Nikasema ni mpishi. Akasema, "Najua ni mpishi. Nauliza kama umemsikia."

Siku ya tatu tulipita kaskazini ya kisiwa cha Canna kwenda magharibi. Hakuna aliyeniambia kwamba ndipo Lachie alipopotelea baharini, ila nilijua. Baada ya chakula cha mchana ukungu ukashuka ghafla, mzito, hata bendera ya tezi, kule nyuma ya boti, hatukuiona. Torquil akazima injini. Akasema wakati kama huu huwezi kumwona nyangumi, lakini unaweza kumsikia, kwa hiyo tunyamaze.

Tukanyamaza, watu kumi na watatu tukiwahesabu wafanyakazi. Maji yalikuwa yakilamba mbao. Kisha tukasikia pumzi. Si kelele, dada. Pumzi, ndefu, ya mtu aliyekuwa chini ya maji muda mrefu kuliko uwezo wake na sasa ametoka.

Mama akainuka kwenye kiti chake. Akaita kwa Kigaeli, lugha ambayo sijamsikia akiisema tangu Baba afe, "Lachie? Niko hapa, mwanangu. Niko hapa."

Pumzi ikaja tena, karibu zaidi, upande wake hasa. Ikaja na harufu ya kabichi iliyooza, nao wanasema ndiyo harufu ya nyangumi, nami nakubali. Mume na mke Waholanzi waliokuwa nasi wakashusha kamera zao. Ailsa alinishika mkono kwa kucha. Tukangoja ya tatu. Haikuja. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kitu, si pezi, si mgongo. Mpaka leo Ailsa hataki kuandika siku hiyo katika orodha yake ya wanyama.

Mama akaanza kutetemeka. Torquil akasema apumzike kwenye kitanda kilicho nyuma ya usukani, ndicho chenye joto. Ndicho alichokuwa akilalia Baba. Hicho hawakukibadilisha. Nilipomlaza na kumfunika nikaona, kwenye ubao juu ya mto, maandishi ya penseli chini ya vanishi.

Torquil akasema, "Aa, hayo niliyakuta nilipoinunua. Nadhani ni hesabu za samaki za mwenyewe wa zamani. Wageni huyapenda, nikayaacha."

Ni mwandiko wa Baba. Mstari wa kwanza unasema: Machi 13, Canna kaskazini, hakuna. Wa pili: Machi 14, Canna magharibi, hakuna. Inaendelea hivyo mpaka Aprili 22. Mistari arobaini na mmoja, hakuna siku iliyorukwa, hata Jumapili, yeye ambaye hakuwahi kufungua kamba siku ya Jumapili maisha yake yote. Helikopta ilimtafuta Lachie siku tatu. Baba alimtafuta siku arobaini na moja, peke yake.

Sasa nifikie lile lililonifanya nianze barua hii mara tano.

Mimi nilijua.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi ile ya kwanza nilimwona dirishani akienda gatini na chupa ya chai, bila nyavu. Akageuka akaniona. Akarudi mpaka chini ya dirisha akasema, "Una, usimwambie mama yako. Akijua natafuta, atasubiri." Nikaahidi. Kila siku alitoka, kila siku mji ukasema baba yetu Neil amerudi kuvua, na wengine wakasema anatia nanga Loch Nevis anakunywa.

Ikaja ile misa ya Lachie isiyo na jeneza, na chai kwenye ukumbi. Ulisimama mbele ya watu wote ukamwambia Baba, "Umerudi kuvua kana kwamba umepoteza wavu!" Bado nakusikia. Baba aliweka kikombe chini. Kabla hajatoka alinitazama. Hakuniomba niseme, wala hakunikataza. Nilikuwa nimeshika sahani ya biskuti. Neno moja tu lingetosha, Rhona. Nikapitisha biskuti.

Mwezi wa tano wewe ukaondoka. Baba akauza boti. Alipokufa hukuja kumzika, na watu walipokusema vibaya nilinyamaza tena, maana kufikia hapo ule ukimya ulikuwa umekwisha kuwa na miaka kumi na mitano, na sikujua mtu anautoa vipi kinywani.

Pale kitandani nilimwambia Mama yote. Nilidhani nitamuua.

"Nyavu zilikuwa kavu," akasema. "Unadhani mke wa mvuvi hajui nyavu kavu?"

"Ulijua! Mbona hukumwambia Rhona?"

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Lachie alikuwa na homa asubuhi ile. Baba yako alisema alale. Mimi ndiye niliyepanda nikamwamsha, nikamwambia asijidekeze, baba yake ataenda na nani? Rhona alihitaji mtu wa kumchukia. Nikaona afadhali asije akaniuliza mimi."

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, na ni yeye aliyeniruhusu. Usimjibu haraka. Amekaa na jambo hili miaka thelathini na minne, anaweza kukaa nalo wiki chache zaidi.

Akaniomba nimsomee ubao, kwa kuwa haoni. Nikasoma, mstari baada ya mstari, yeye akirudia "hakuna" nyuma yangu kama watu wanavyoitikia kanisani. Nilisoma mistari kumi na minane. Wa kumi na tisa nikashindwa, nikamwambia koo limekauka.

Wa kumi na tisa ni wa siku ile ya ukumbi. Alitoka kwenye chai ile akaenda moja kwa moja baharini, upande wa kisiwa cha Rum. Umeandikwa hivi: Machi 31, mchana, Rum magharibi, hakuna. Rhona amekasirika. Ana haki.

Mama hajausikia. Sikumsomea kwa sababu si wangu.

Torquil, alipoelewa ni ubao wa nani, alivua kofia. Akasema ataung'oa tuuchukue nyumbani. Mama akamkataza asiuguse. Akamuuliza safari zake za Mei mwakani, naye akamtajia tarehe. Mama akasema, "Tuandikie vitanda viwili. Mimi na binti yangu mkubwa." Kisha akanigeukia na yale macho yake yasiyoniona, akasema, "Iliyobaki atanisomea Rhona."

Daktari anasema kufikia Mei hatakuwa akitofautisha hata mchana na giza, lakini masikio yake ni mazima.

Sikulaumu ukisema huji. Sina mdomo wa kukulaumu kwa lolote.

Nisalimie Wiremu, umwambie Fraser bado anatumia kisu alichomchongea mpini. Mbusu Hinewai kwa ajili yangu na ya Ailsa, ambaye anamtumia unyoya wa tai ndani ya bahasha hii. Wiremu akisema ni wa bata, asimwamini. Mama anakusalimu. Amenituma niandike hilo tu, "Mama anakusalimu," na alilisema mara mbili.

Mungu akulinde huko uliko, ayalainishe maji yote yaliyo kati yetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye, niliyepaswa kusema,

Una