Pistoni Mupya ya Lubudi

Kapinga mujukulu wangu, mi kambo yako nakusalimia. Hapa Kolwezi tuko wazima, ila vumbi ya makamyo inakula bukari, ugali yetu, pamoja na sisi.

Unaniuliza wapi utapata pistoni mupya ya motere ya gari ya zamani. Achana na magazini za vyuma, ingia mu majiko ya bamama.

Yangu, wakati gari yangu ilikufa, niliionaka Lubudi. Binti mumoja alikuwa ameifanya kinu, anatwangia mule pilipili, na haikuingiaka mu motere hata siku moja. Kuomba kitu mbele ya kula ni haya, basi nilikula ile pilipili, machozi ikatoka. Nikarudi kila wiki, nasifu tu kile kinu.

Tata yake akachoka: "Kijana, unamutaka mutoto wangu ao hapana?"

Nikaogopa kutaja pistoni. Nikajibu: "Ndiyo, tata."

Kisha ya ndoa nikamuomba bibi yangu ile pistoni, akakatala. Gari haikutembea tena.

Kambo yako mwanamuke anakusalimia. Iko anatwanga pilipili.