Muda wa Kufikiri

3 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Natumaini kile kikohozi ulichokuwa nacho siku ile mlipoongea na Baba kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na mdogo wangu anasema umletee kitu. Hakusema kitu gani.

Najua ungependa nipige simu, lakini kwenye simu maneno hunikwama. Nabaki kusema "ndiyo" na "sawa" mpaka mtu anadhani laini imekatika. Kwa maandishi najieleza vizuri zaidi, naomba unisamehe.

Shida yenyewe iko kazini kwa Baba. Huu ni mwaka wa kumi na tisa anakaa dirisha la tatu pale kwenye ghala la vipuri vya magari. Fundi anakuja, anataja gari lake na kipuri anachotaka, Baba anaandika kwenye kompyuta, nayo inamwambia kama kipo na kiko rafu gani. Likizo hii nampelekea chakula cha mchana kila siku, kwa hiyo naiona foleni. Madirisha ni manne, na foleni ya Baba ndiyo ndefu kuliko zote. Juzi fundi mmoja wa malori alimwambia, "Mzee, hiyo kompyuta unaichapa au unaibembeleza?" Watu walicheka. Baba naye alicheka, kisha akavua miwani akaifuta, na miwani haikuwa na vumbi.

Meneja anasema kinachochelewesha ni umri wa Baba. Baba anasema ni seva, ile mashine iliyofungiwa chumba cha nyuma, ambayo kompyuta zote nne huiuliza. Meneja anajibu kwamba seva ni nzima. Hakuna aliyepima.

Baba aliwahi kuniambia kazi yako huko ni kupima seva. Hupimwaje?

Binti wa kaka yako,
Kurasa


5 Agosti

Kurasa mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, kimeniachia sauti ya chura. Usiombe msamaha kwa kuandika. Baba yako hajaniandikia hata mstari mmoja tangu nihamie huku. Kwenye simu ananiuliza "U mzima?" na kabla sijajibu ameshampa mama yako simu.

Kazi yangu ni hivi. Kila kampuni inayotengeneza seva husema yake ndiyo yenye kasi. Ili wanunuzi wasiishie kuamini maneno, kuna vipimo sanifu ambavyo kampuni zote zimekubaliana. Kimoja huigiza biashara nzima, kama ghala lenu hilo: huyu anaagiza, yule analipa, mwingine anauliza mzigo wake umefika wapi, mwingine anaangalia kilichobaki stoo, na wote wanafanya hivyo kwa wakati mmoja. Sisi tunahesabu oda ngapi zimekamilika kwa dakika. Halafu anakuja mkaguzi ambaye si mwenzetu, anapekua kila kitu, na akiridhika ndipo namba inatangazwa.

Wiki hii niko katikati ya kipimo, sina hata nafasi ya kuchana nywele. Usipime chochote bado. Niandikie kwanza siku ya baba yako inakwendaje, nani anaomba nini, saa ngapi panajaa. Tutapanga pamoja.

Shangazi yako


7 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Pole na kazi, na pole na nywele. Huku wote wazima.

Usikasirike, nimeshapima. Barua yako ilinikuta nimemaliza. Meneja aliniona nimekaa na daftari, akaniuliza naandika nini. Nilishindwa kusema, nikamwonyesha ukurasa. Akasema, "Vizuri, njoo saa ya chakula, madirisha yakifungwa, upime tumalize ubishi."

Nilifuata kanuni ya mwalimu wetu wa sayansi: badilisha kitu kimoja, vingine vyote viache vilevile. Kwa hiyo nilichagua kipuri kimoja tu, filta ya oili ya gari dogo, nikakiuliza mara hamsini, peke yangu, kwa saa ya simu ya Mama. Mara ya kwanza ilichukua sekunde nne. Mara arobaini na tisa zilizofuata hazikufika sekunde moja. Nilichora jedwali, nikatafuta wastani, nikaandika chini "Imepimwa na mwanafunzi".

Meneja alisema, "Hii ndiyo kazi," akaichukua karatasi. Nje ya shule hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Ile mara ya kwanza tu ndiyo sikuielewa. Nimeiandika kuwa ni kosa la kidole changu.

Binti wa kaka yako,
Kurasa


8 Agosti

Kurasa,

Salamu nitakupa baadaye. Nenda kwa meneja uichukue karatasi hiyo kabla hajaisoma mtu mwingine. Kidole chako hakikuwa na kosa lolote. Nijibu leo.

Shangazi yako


17 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Mimi sijui niseme nini kuhusu afya yangu. Siumwi, ila chakula hakipiti.

Nimechelewa siku tisa kwa sababu niliogopa. Nilipofika ofisini karatasi ilikuwa tayari imebandikwa ukutani, na meneja alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu: SEVA NI NZIMA. Nilisimama mlangoni. Alikuwa anaongea na watu. Niliondoka, na kesho yake vilevile, na keshokutwa vilevile.

Baba ameambiwa kuanzia tarehe mosi Septemba atahamia uani kupakua makasha. Dirisha la tatu atapewa mfanyakazi mpya wa dirisha la nne, na la nne litatafutiwa mtu. Wewe unajua mgongo wa Baba. Akiinama kufunga viatu huwa anashika meza.

Aliisoma ile karatasi nikiwepo, nimeshika chombo chake cha chakula. Aliisoma mpaka chini. Jina langu halipo, lakini mwandiko wangu anaujua, ndiye aliyenifundisha kushika kalamu. Alipomaliza aligeuka akaniuliza, "Leo umeniletea nini?" Basi. Nyumbani pia hajasema neno, na Mama hajui chochote. Angenigombeza ningepata nafuu.

Kurasa


18 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Kunywa maji kwanza, halafu usome polepole.

Seva ikiulizwa kitu mara ya kwanza, inakwenda kukitafuta mbali, kwenye diski. Ikishakipata inakiweka karibu, ili ukiuliza tena ikujibu upesi. Wewe ulipima safari moja ya kwenda kutafuta, na mara arobaini na tisa za kukumbuka. Ni sawa na mimi nikuulize jina lako mara hamsini, kisha nitangaze kwamba umesoma vitabu vyote vya maktaba. Tena ulikuwa peke yako, wenzake baba yako wamekwenda kula. Mwalimu wako hajakosea, ila biashara haikai vilevile. Kila fundi huja na lake, na wote huja pamoja.

Sasa nikuambie jambo ninalolipenda kuliko yote katika kipimo chetu. Wale wafanyakazi wa kuigiza ndani yake hawaharakishwi. Kanuni inawapa muda wa kuandika, na baada ya jibu kutokea inawapa muda wa kufikiri. Umeandikwa hivyo hivyo, kwa sekunde. Hakuna anayeuhesabu muda huo kuwa uzembe. Muda wa mashine huhesabiwa peke yake, kuanzia mtu anapobonyeza mpaka jibu linapotokea, na katika kila oda mia, tisini lazima zijibiwe ndani ya sekunde tano.

Pima tena, asubuhi ya siku yenye watu wengi, madirisha yote manne, oda za kweli. Andika muda wa mtu mbali na muda wa mashine. Na ripoti itaje yote, pamoja na kipimo cha kwanza na jinsi kilivyopotosha. Kwetu anayeficha kipimo kibaya haaminiwi hata kwa kizuri.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilifanya kosa linalofanana na lako. Mkaguzi alikataa namba yangu mbele ya watu kumi na wawili. Nilipiga simu nyumbani kusema narudi, akapokea baba yako. Aliniambia maneno manne tu: "Basi rudia, pima tena." Ndiyo maana bado niko huku, na sijawahi kumshukuru.

Anza na yeye. Meneja baadaye.

Shangazi yako


29 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi wazima kabisa, na chakula kinapita, Mama anasema kinapita mno.

Nilimwambia Baba siku ya Jumamosi, akipiga viatu rangi. Nilisema, "Baba, ile karatasi ni yangu."

"Najua," akasema. "Mistari imenyooka mno kuwa ya meneja."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Uliandika ulichokiona. Ulitaka nikuambie uandike usichokiona?" Akanipa kiatu cha pili, tukapiga rangi pamoja.

Kwa meneja sauti ilinipotea kama nilivyojua ingepotea, kwa hiyo nilikuwa nimeandika. Nilimpa karatasi, akaisoma yeye mwenyewe kwa sauti: "Kipimo changu cha kwanza kilikuwa na kosa, na kosa ni langu." Akasema, "Haya, Jumatatu. Mara hii moja tu."

Nilihitaji mtu wa kushika saa ya pili. Aliyejitolea ni yule fundi wa malori, kwa kuwa tayari alikuwa kwenye foleni. Tulipima oda mia mbili na kumi na nne. Dirisha moja likifanya kazi peke yake, seva ilijibu kwa sekunde mbili. Yote manne yakifanya kazi pamoja, oda thelathini na moja katika kila mia zilizidi sekunde tano, na moja ilifika arobaini na nane. Nyingi kati ya hizo ni za dirisha la tatu. Mafundi wenye magari ya zamani humfuata Baba, na vipuri vyao havijaulizwa siku nyingi, kwa hiyo mashine huvifuata mbali.

Kuandika, Baba hutumia sekunde kumi na moja. Madirisha mengine yote hutumia zaidi, na yule mfanyakazi mpya ni kumi na tisa. Kisha anafikiri sekunde sita. Hizo sita niliziandika katika safu yake. Ndani ya sekunde hizo, mara tisa asubuhi ile alimwambia fundi, "Hiyo haitaingia, gari lako ni la toleo la nyuma." Madirisha mengine yalirudishiwa vipuri vitano siku hiyo. Lake hakuna.

Fundi wa malori alisema, "Kumbe inayobembelezwa ni ile ya chumba cha nyuma. Mzee, nisamehe." Baba akamjibu, "Sogea, unazuia foleni."

Meneja alisoma ripoti mara mbili. Halafu alikwenda kupanga foleni ya dirisha la tatu, akaomba beringi ya lori ambalo halitengenezwi tena. Baba aliandika, akabonyeza, akaweka mikono mapajani. Walitazamana mpaka sekunde ya arobaini. Jibu lilipotoka meneja alisema, "Mzee, baki hapo hapo," akarudi ofisini akaibandua karatasi ya kwanza. Seva itabadilishwa, na ameagiza kila muuzaji alete kwanza matokeo ya kipimo sanifu. Aliniuliza jinsi ya kuyasoma. Nilimjibu kwa mdomo, Shangazi, sentensi tatu nzima.

Asante. Nimeliandika neno hili mara nyingi, nikafuta yaliyozidi, nikaacha hilo moja.

Binti wa kaka yako,
Kurasa


2 Septemba

Mdogo wangu,

U mzima? Kwenye simu nikishauliza hivyo huwa nampa mwingine simu. Sasa simu haipo, itabidi nisubiri jibu lako, na nitalisubiri.

Jana nilikaa kwenye kiti changu. Karatasi ya kwanza ya binti yetu nilimwomba meneja, iko kwenye kasha la miwani yangu. Ya pili wameibandika ukutani, inatosha.

Kurasa ameniambia ulichokumbuka kuhusu ile simu. Mimi nilikuwa nimesahau. Siku hiyo nilitaka kukuambia mengi nikakosa pa kuanzia, nikasema yale manne. Nashukuru yalikutosha. Na kwa hili ulilomfanyia mtoto, na mimi, nashukuru zaidi ya ninavyoweza kuandika.

Nasikia huko kwenu kanuni inampa mtu muda wa kufikiri. Nimeutumia wote. Barua hii fupi imenichukua saa nzima. Binti yako alikaa pembeni na saa yake, nikamwambia aizime.

Kaka yako,
dirisha la tatu