Mbuzi wa Sukari

Ijumaa, mwezi wa sita, 2016. Louisville.

Leo mvua imekuja pamoja na joto, kama mgeni aliyekuja na mkwe wake: huwezi kumfukuza mmoja ukabaki na mwingine. Nimeamka mapema, nikakaa kitandani, nikasimama, nikakaa tena. Mke wangu, Mama Furaha, amefungua jicho moja akaniuliza kama ninatafuta choo au ninatafuta maneno. Nimemwambia vyote viwili.

Sijatulia. Tangu Jumatatu, nilipoanza keki moja, sijatulia.

Blogu hii nilifunguliwa na mjukuu wangu, ambaye mwenyewe hawezi kuisoma. Nikimsalimia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Nikimkemea, Kiingereza kinakuja haraka zaidi. Donc, kwa hiyo, siri zangu ziko salama humu kuliko chini ya godoro.

Mimi ni fundi wa keki. Cheka kwanza, nitakungoja.

Nyumbani Uvira nilikuwa mwashi. Shule niliiacha darasa la tano, au shule iliniacha mimi, hatujawahi kukubaliana juu ya hilo. Nilipofika hapa, duka la keki la kule Highview lilinichukua kuosha sinia. Siku moja mpambaji wao akaugua, na keki ya orofa tatu ilikuwa mezani imeegemea upande kama mlevi anayesikiliza siri ya mwenzake. Nikaomba kisu bapa, nikaipiga lipu. Krimu ya siagi ni udongo wenye sukari, basi. Ukiiharakisha inapasuka, ukiibembeleza sana inachoka. Bibi Peggy, mwenye duka, akavaa miwani, akaizunguka ile keki mara mbili. Kesho yake sinia zilioshwa na mtu mwingine.

Mpaka leo keki zangu nazipima kwa pimamaji, lile la kujengea nyumba. Wenzangu wananicheka. Keki zao zinaegemea.

Wiki hii nimetengeneza kwa keki na sukari kofia kumi na moja za kumaliza shule, viatu vya mtoto aliyebatizwa, na keki ya mbwa aliyetimiza miaka kumi. Ndiyo, mbwa. Nimemwandikia jina lake kwa krimu ya bluu, herufi za mkono, na ua pembeni. Baba yangu alikufa hajawahi kuona jina lake limeandikwa mahali popote, isipokuwa kwenye karatasi ya kodi ya Wabelgiji. Na ua hawakumwekea.

Lakini keki inayonihangaisha ni ya Neema.

Neema ni binti wa kaka yangu mkubwa, yule ninayemwita Yaya, kwetu ndivyo anavyoitwa mkubwa. Kwetu binti wa kaka ni binti yako, huulizi mara mbili. Mimi ni baba yake mdogo. Anaolewa kesho Columbus, anakokaa, upande wa Hilliard. Yaya anaishi Buffalo kwenye theluji yake, lakini nimesikia amefika Columbus tangu jana na suti mbili.

Kwenye harusi zetu, keki ikishakatwa, bibi harusi anapiga magoti mbele ya wazazi wake na kuwalisha kwa mkono, mmoja mmoja, mama, baba, baba wakubwa, baba wadogo, wote wamekaa kwenye mstari wa viti. Akina mama wanapiga vigelegele mpaka masikio yanalia.

Kwenye mstari wa kesho sina kiti.

Bon. Niseme kwa nini.

Mwezi wa kumi tulifanya kikao cha posa kwa simu, miji mitatu kwenye laini moja. Wakwe wetu watarajiwa walikuwa Columbus, Yaya Buffalo, mimi hapa nyumbani karibu na bustani ya Iroquois, nimevaa kaptula. Yaya alikuwa katekista, anaongea kama mtu anayesoma. Alikuwa anatoa sifa za ukoo. Akasema sisi ni watu tunaomwogopa Mungu. Mimi nilikuwa nimenyamaza dakika ishirini nzima. Mtu anayenijua angeita ambulensi.

Mdomo ukanichoropoka. Nikasema: "Ni kweli, wakwe. Huyu anamwogopa Mungu sana. Ndiyo maana kuku alimwibia padri, hakumwibia Mungu mwenyewe."

Nikangoja kicheko. Kilichokuja ni kimya cha miji mitatu.

Kwetu watu wa kutaniwa wapo wengi: mjukuu, shemeji, binamu. Mkwe hayumo. Mkwe unamkaribia kama chungu kinachochemka, kwa kitambaa, na uso umegeuza. Hayo niliyajua nikiwa na meno ya utoto. Lakini simu haina uso. Laiti ningewaona wale wazee wamekaa na tai zao, ningemeza ulimi. Kwa simu nilisikia watu wanapumua tu, nikafikiri nipo kibarazani kwangu.

Yaya alinipigia wakwe walipokata. Hakupaza sauti. Yeye akikasirika sauti inashuka.

"Umenivua nguo mbele ya bakwe," akasema. "Utaleta mbuzi. Bila mbuzi kwangu usikanyage, na kwa harusi ya mutoto usionekane."

Hiyo ni faini ya zamani. Mdogo akimwaibisha mkubwa, anakuja na mbuzi, mbele ya walewale walioiona aibu, anataja kosa lake, kisha anamnyooshea kamba. Mkubwa akiishika, maneno yamekwisha, hata mlevi haruhusiwi kuyafufua. Asipoishika, kamba inaanguka chini, na ndugu mnakuwa mmeanguka nayo.

Nami nikajibu nini? Nikajibu: "Yaya, mbuzi wa Buffalo atavaa koti la nani?"

Akakata simu. Miezi minane sasa.

Ningeweza kuishia hapa, nionekane mzee mwenye mdomo tu. Mdomo ni kosa dogo, hata watakatifu wengine walikuwa nao. Lakini kuna jambo ambalo mpaka leo alasiri sikuwahi kumwambia mtu.

Kuku yule niliiba mimi.

Nilikuwa na miaka tisa, Yaya kumi na mitatu. Manyoya yalikutwa chini ya mkeka tuliolalia wote wawili. Padri akauliza ni nani. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu, nikavihesabu. Yaya akasema, "Ni mimi." Akachapwa fimbo mbele ya watoto wote wa katekisimu, na tumboni mwangu paja la kuku lilikuwa bado halijatulia. Hakunilaumu siku hiyo. Hakunilaumu siku yoyote.

Na miaka zaidi ya hamsini baadaye, mbele ya wakwe zake, nikamtwisha kuku yuleyule mara ya pili. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Mwizi ndiye huyo anayeongea." Laini ilikuwa wazi, miji mitatu inasikiliza. Hakusema. Aliomba mbuzi tu.

Nikamcheka.

Mwezi wa nne Neema alinipigia: "Baba mdogo, keki ni yako. Papa nitamuongelesha." Kama alimwongelesha, sijui. Hakunirudia juu ya hilo, nami sikuuliza, maana jibu nililiogopa. Badala ya kuuliza, nikafanya ujanja.

Keki kubwa haisafiri imesimama. Inasafiri vipande vipande, kila orofa kwenye boksi lake, na kusimamishwa ukumbini. Ya Neema nimeipa orofa nne, nguzo kumi na sita, na daraja katikati. Nimezikata nguzo urefu tofauti, na sikuandika popote ipi inakwenda wapi. Kwa makusudi. Bila mimi ile keki ni marundo manne ya sukari. Donc lazima waniite, na nikiitwa lazima waniache niingie.

Nilijisifu kwa hilo wiki nzima. Leo asubuhi Bibi Peggy akaniuliza kama nitabaki kwa sherehe baada ya kuisimamisha. Nikacheka. Akanitazama, akasema, "Hicho si kicheko chako." Mzungu yule anasikia kicheko vizuri kuliko wakwe zangu.

Basi nikabaki na kisu mkononi nikijiona kama nilivyo. Mzee wa miaka sitini na minne anapanga kuingia kwenye harusi ya binti yake kwa mlango wa jikoni, amevaa aproni. Na ikitokea wasimruhusu, yuko tayari keki ya mtoto ianguke mbele ya watu. Hata kuku wa padri hakustahili mwizi wa namna hiyo.

Saa saba mchana duka lilikuwa limepoa. Nikachukua mabaki ya keki ya vanila, nikaanza kuchonga mbuzi.

Nimemlaza, maana miguu ya keki haibebi mwili. Manyoya nimeyatoa moja moja kwa mfuko wa krimu wenye mdomo mdogo wa bati, mgongo mzima mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Pembe nimezikanda kwa sukari nikazikausha mbele ya feni. Ndevu nimemwekea. Na mdomoni nikamwekea tabasamu, meno manane meupe, safi sana. Nilijipenda.

Mama Furaha alikuja kunichukua saa kumi, maana gari anaendesha yeye, macho yangu na polisi hawapatani. Akasimama mbele ya mbuzi, funguo mkononi.

"Hii ni mbuzi ya kucheka ao ya kuomba musamaha?"

"Yote mbili."

"Yote mbili haiko, Papa. Yaya yako akiona hii meno atasema umekuja kumuchekelea mara ya tatu."

Nikataka kumjibu kwa mzaha, na mzaha ulikuwepo, mzuri, umeiva. Badala yake nikamwambia habari ya kuku. Yote. Mkeka, manyoya, fimbo. Akavuta kiti akakaa. Akauliza:

"Na ile paja, ilikuwa tamu?"

"Sana."

"Basi toa meno."

Nimeyatoa. Nimeyakwangua kwa ncha ya kisu, nikamfunga mbuzi mdomo kwa mstari mmoja. Miaka yote ya kazi hii sijatengeneza kiumbe asiyefanana nami kiasi hicho.

Ikabaki kamba. Ya kwanza niliisokota kwa sukari, ikakatika. Ya pili ikakatika mikononi mwa Mama Furaha. Nikaenda kwenye sanduku langu la vyombo, chini kabisa ya pimamaji, nikatoa kamba yangu ya uashi. Ile niliyokuwa navuta kutoka pembe hadi pembe ya nyumba ili ukuta unyooke. Nimetoka nayo Uvira, nimekaa nayo kambi ya wakimbizi, nimepanda nayo ndege. Bado ina vumbi la simenti kwenye nyuzi. Nikamfunga mbuzi shingoni, fundo la kweli.

Bibi Peggy akapita, akasema hiyo siyo ruhusa, kamba hailiwi.

Nikamwambia hii hailiwi, inashikwa. Akanitazama tena kwa miwani, kisha akaleta boksi kubwa zaidi.

Sasa ni jioni, mvua imeacha, joto limebaki peke yake. Nimeandika karatasi kwa herufi kubwa: nguzo hizi orofa ya kwanza, hizi ya pili, daraja mwisho. Nimetia rangi kila nguzo mkiani na boksi la orofa yake, nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Mama Furaha amejaribu na maboksi matupu hapa mezani, yamesimama. Keki ya Neema hainihitaji tena. Ikitokea kamba ikaanguka, nitarudi kukaa ndani ya gari, na keki itasimama bila mimi.

Ilinichoma kidogo kuiona hivyo. Nisijifanye.

Kesho tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nitavaa suti. Sitapita jikoni. Nitaingia kwa mlango wa mbele na boksi mikononi, mpaka pale Yaya atakapokuwa amekaa na wakwe, na nitaongea mbele yao, maana aibu nilimpa mbele yao. Maneno ni machache: Yaya, kuku niliiba mimi, wewe ulichapwa, nimekuja na mbuzi. Kwisha. Wakwe watajua wameoa kwenye ukoo wenye mwizi. Wajue.

Nimejizoeza chooni. Mara nane niliongeza kamzaha mwishoni, kadogo, hakaumizi mtu. Mara ya tisa nilinyamaza, nikahesabu mpaka kumi, jasho likanitoka.

Yaya ni mtu wa polepole. Kabla ya kunyoosha mkono atatazama kwanza, mbuzi, kamba, mimi. Inaweza kuchukua dakika nzima, watu wote kimya.

Mbuzi ni wa sukari, lakini kamba ni ya kweli. Je, mdomo huu utaweza kukaa umefungwa mpaka aishike?