Punda wa Takwa

Hayfa, nimekwisha! Nimefeli mazoezi ya kufundisha uchoraji, mbele ya darasa zima!

Yule Takwa wa darasa la pili kachora punda mwenye miguu sita. Mimi na kiherehere changu nikachukua ufutio, nikafuta miwili.

Mtoto akaichana karatasi. AKAICHANA, Hayfa!

Mkaguzi, Bibi Dalenda, akainuka kule nyuma. "Mbona umeichana, binti yangu?"

"Si yangu tena. Ni ya mwalimu. Punda wangu alikuwa anakimbia."

Anakimbia! Ndiyo maana miguu sita!

Bibi Dalenda akanigeukia. "Umesikia? Basi utarudia mwaka."

Mwaka mzima, Hayfa!

Nimejifungia chooni, nalia. Takwa anagonga mlango: "Mwalimu, usilie. Nitakuchorea mwingine."

Nimfungulie kwa uso gani?